Hesabu Nguzo Zako Kabla ya Kununua Seng'enge

Ndugu mkulima, ukipita njia ya kutoka Ahero kwenda Chemelil na Muhoroni, utaona maboma yenye ua wa nusu. Upande wa barabara nguzo zimesimama sawasawa, waya umekazwa, na lango limepakwa rangi. Ukizunguka nyuma ya nyumba hukuti kitu ila vichaka. Mwenye boma si mvivu. Fedha zilimwishia njiani. Na ua wa pande tatu haumzuii hata mbuzi mmoja.

Nasema hivi kwa kuwa yalinipata mimi pia. Nilipima boma langu kwa hatua, jioni, huku nikizungumza na jirani. Kisha nikaenda Kisumu nikanunua roli tatu za seng'enge. Mwenye duka aliniambia kila roli ina kilo 25, nami nikaridhika, nisijue kwamba kilo hazifungi ua. Mita ndizo zifungazo. Waya mnene roli yake ni fupi na waya mwembamba roli yake ni ndefu, ingawa mizani inasema ni sawa. Wangu ulikwisha kabla ya kona ya tatu. Ng'ombe walipita penye pengo wakala mahindi, na karo ya muhula uliofuata ilibidi itoke kwa ndama ambaye sikukusudia kumwuza.

Basi chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Tuseme unataka kufunga boma la nyumba lenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 40, yaani karibu nusu eka. Pima kwa utepe, au kwa kamba uliyoipima kwanza kwa utepe. Kamba ya nailoni huvutika ikakudanganya. Huko Koru penye vilima, pima kwa kuifuata ardhi inavyopanda na kushuka. Mzunguko wa boma hili ni mita 180. Toa mita 4 za lango, zinabaki 176. Ukisimamisha nguzo kila baada ya mita 3 utapata nafasi 59, nazo zahitaji nguzo 60, zikiwamo mbili za lango. Katika hizo, sita ziwe nene: nne za kona na mbili za lango. Tena kila kona yataka miti miwili ya kuegemeza, na kila nguzo ya lango mti mmoja, jumla miti 10. Hii miti ya kuegemeza ndiyo wengi huisahau, na bila hiyo kona huvutwa ndani siku ile ile waya unapokazwa.

Waya sasa. Mistari mitano mara mita 176 ni mita 880. Ongeza sehemu moja ya ishirini kwa ajili ya kuzungushia nguzo na kuunganisha, upate mita 924. Ndipo uulize dukani, roli hii ina mita ngapi? Kama muuzaji hajui, soma kibandiko. Kama hakuna kibandiko, nenda duka jingine. Misumari ya U nayo huhesabiwa: nguzo 54 za kawaida mara mistari mitano ni 270, na zile nene sita ziwekee miwili kwa kila mstari, yaani 60 zaidi. Nunua 350, maana mingine hupotea majanini.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba umbo la boma lina bei yake. Boma la mita 100 kwa 20 lina eneo lile lile la mita 50 kwa 40, lakini mzunguko wake ni mita 240. Umeongeza mita 60 bila kupata ardhi zaidi: nguzo 20 na mita 300 za waya. Viwanja vya skimu vingi ni virefu na vyembamba, na mkulima hudhani lazima ua ufuate kiwanja chote. Mimi nasema funga kwanza boma la nyumba, tena likaribie mraba. Miwa na malisho vitangoja.

Gharama nyingine hazionekani dukani. Kuna kusafirisha nguzo, kuchimba mashimo 60, na lango lenyewe, ambalo peke yake laweza kula fedha za upande mzima. Katika udongo mweusi wa Kano, ardhi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nguzo iliyochimbiwa futi mbili huanza kulala. Nunua nguzo za futi 8, uzifukie futi mbili na nusu. Mkaratusi usiotiwa dawa huliwa na mchwa upesi. Nguzo iliyotiwa dawa ni ghali siku ya kwanza tu.

Ukiisha kujumlisha hayo yote ukaona fedha hazitoshi, usianze hivyo hivyo kwa matumaini. Wazee wa pwani hii ya ziwa walizungushia maboma yao ojuok, nami sioni aibu kuwafuata. Weka seng'enge upande wa mbele tu, mita 40. Ukitoa lango zinabaki 36, nguzo 14 na mita 180 za waya kabla ya nyongeza. Pande tatu zilizobaki, mita 140, panda vipandikizi vya ojuok kila futi moja, kama 460 hivi. Viache kwanza utomvu ukauke, kisha upande mvua zinapoanza. Vitachukua miaka kufungamana, na katika muda huo utaziba kwa matawi ya miiba. Utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo watoto wasitumwe kuukata. Penye mawe mengi jenga kwa mawe. Kuta za Thimlich Ohinga kule Migori zilijengwa bila saruji karne nyingi zilizopita, na mwaka 2018 UNESCO iliziandika kuwa urithi wa dunia.

Mnaokaa karibu na maji, kumbukeni mwaka 1964, na tena 2020, ziwa lilipopanda likaingia majumbani. Nguzo za fedha zisipelekwe ufukoni. Na kiboko hasimamishwi na mistari mitano.

Kabla ya shimo la kwanza, tafuta vigingi vya mpaka vya wapimaji. Kuking'oa kigingi ni kosa la sheria, na chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ugomvi wa mpaka hupelekwa kwanza kwa msajili wa ardhi. Mwite jirani asimame nawe kamba inapovutwa. Akikubali ua uwe wenu wote wawili, upande huo gharama yako ni nusu. Mwandikiane mbele ya mzee wa kijiji.

Karatasi yako ya hesabu nenda nayo dukani. Kabla ya kulipa, muulize mwenye duka kama atairudisha roli isiyofunguliwa, na jibu lake aliandike kwenye risiti.