Baba Aitwe, Mama Asirudishwe

Hakuna mwenye insafu atakayekana kwamba baba ana wajibu wake katika kumkinga mtoto na Virusi vya Ukimwi. Lakini desturi iliyojipenyeza katika baadhi ya kliniki za nchi yetu, ya kumrudisha nyumbani mjamzito kwa kuwa amekuja pasipo mumewe, ni dhulma iliyovikwa joho la hekima, nayo haifai kustahamiliwa hapa kwetu Mvumi, mkoani Dodoma, wala kwingineko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya kliniki za kusini mwa Tanzania ulionyesha kuwa wanawake wa namna hiyo waliambiwa warudi na waume zao, au walete barua kutoka kwa viongozi wa kijiji.

Watetezi wa desturi hiyo husema kuwa wanaume hawaji ila kwa kushurutishwa, na kuwa sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 yenyewe yataka mjamzito na mwanamume aliyempa mimba washauriwe wote wawili na kupewa nafasi ya kupima. Ni kweli, lakini kushauriwa wawili si sharti la kuhudumiwa mmoja.

Hoja iliyo kubwa kupita zote ni hii: adhabu inamwangukia asiyekosa. Pasipo kinga yoyote, katika kila watoto 100 wa mama wenye virusi, baina ya 15 na 45 huambukizwa, ama tumboni, ama katika kuzaliwa, ama kwa kunyonya. Na dawa zikitumiwa sawasawa, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Tofauti yote hiyo imesimama juu ya jambo moja, nalo ni mama kupimwa mapema na, akikutwa na virusi, kuanza dawa pasipo kukawia, kama mwongozo wa taifa wa mwaka 2013 wa kumkinga mtoto na virusi vya mama ulivyoagiza. Sasa tumfikirie mama wa kijiji cha Ugogo, aliyetoka kwake alfajiri na kwenda kwa miguu, ambaye mumewe yu mbali akitafuta malisho, au aliikana mimba tangu ilipoonekana: anaambiwa aende kwa mwenyekiti wa kitongoji, aeleze mbele ya watu kwa nini hana mwanamume wa kufuatana naye, kisha amsubiri mtendaji apige muhuri. Muhuri huo haupimi damu, wala hauna dawa ndani yake. Huenda akarudi baada ya majuma kadhaa, huenda asirudi kabisa. Na mtoto, asiyejua habari ya barua, ndiye alipaye. Ni akili gani hii, ya kumfungia mlango yule yule ambaye kwa mwili wake mtoto hukingwa, ili kumtia haya mtu ambaye hata hayupo?

Baba naye ana masikio yake, basi na aambiwe yeye mwenyewe. Tena sababu ya kumwita ni nzito: mke aliyepimwa akakutwa salama aweza kuambukizwa na mumewe wakati wa mimba au wa kunyonyesha, na katika siku hizo za mwanzo virusi huwa vingi mno mwilini mwa mke huyo, hata hatari ya mtoto ikazidi. Kampeni ya Furaha Yangu, ya kuhimiza watu kupima virusi, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2018, iliwalenga wanaume bila ya kuwapitia wake zao. Na mwaka 2019 Bunge lilibadili sheria ile ya mwaka 2008, mtu akaruhusiwa kujipima virusi mwenyewe. Kwa nini basi baba asiandikiwe barua kwa jina lake, asipimwe mnadani, asihubiriwe kanisani na barazani, na kliniki isifunguliwe saa ambazo mtu wa shamba amekwisha kuweka jembe?

Viongozi wa afya wa wilaya watoe amri iliyo wazi: mama afikapo peke yake, ahudumiwe na apimwe siku hiyo hiyo, pasipo kudaiwa barua ya mtu yeyote, na mhudumu atakayemrudisha aulizwe yeye, kwani taksiri ya baba haiwezi kuwa deni la mama.