Istilahi Zichimbwe Mgodini

Kijana wa shule ya sekondari aliyeketi mjini Homa Bay na simu mkononi anaweza kuwa mchimba madini kabla ya chakula cha jioni. Katika mchezo kama Minecraft, uliotolewa rasmi mwaka wa 2011, mchezaji huanza kwa kukata mti na kuunda sururu ya mbao. Kwa sururu hiyo hupata jiwe. Kwa sururu ya jiwe hupata chuma. Na kwa sururu ya chuma hupata dhahabu na almasi. Madini humngoja yakiwa na rangi zake juu ya mwamba. Akifukiwa na kokoto au akitumbukia katika moto wa chini ya ardhi, hufa, kisha hufufuka na kuendelea na kazi. Kijana huyo hujua ni chombo kipi hukata jiwe lipi, na ni kina kipi huficha almasi. Lakini mwulize jiwe lenye madini ambayo hayajatenganishwa huitwaje kwa Kiswahili, naye atanyamaza.

Ukimya huo si wa kijana peke yake. Baadhi ya kamusi zinalo neno mbale kwa maana hiyo hasa. Hata hivyo, aghalabu mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili hulikuta neno hilo kamusini, wala si kinywani mwa mtu. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi za uchimbaji madini hazina budi kuchimbwa mgodini, miongoni mwa watu wanaoyashika mawe hayo kila siku, na kwamba kuchelewa kufanya hivyo ni suala la uhai wa watu kabla ya kuwa suala la isimu.

Ujuzi wa kuchagua jiwe si mgeni katika eneo hili. Katika Rasi ya Homa, kaunti hiyo hiyo ya kijana wetu, wataalamu wa akiolojia wamefukua zana za mawe huko Kanjera Kusini zenye umri wa takriban miaka milioni 2. Huko Nyayanga, utafiti uliotangazwa mwaka wa 2023 ulionyesha zana zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Linalostaajabisha zaidi ni asili ya mawe yenyewe. Mawe mengi ya karibu yalikuwa laini, hayakufaa kwa makali ya kudumu; kwa hiyo baadhi ya mawe magumu yalibebwa kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 10. Viumbe wale hawakuokota jiwe lolote lililowajia mbele. Walilijua jiwe jema na jiwe bovu, na maarifa hayo yalipokezanwa kwa namna fulani kutoka kizazi hadi kizazi. Binadamu wa leo huyapokezana maarifa ya aina hiyo kwa lugha, na lugha isiyo na jina la kitu hulazimika kukionyesha kwa kidole.

Tuelekee kusini sasa, hadi kaunti ya Migori. Dhahabu ilianza kuchimbwa huko zama za ukoloni, katika miaka ya 1930. Mgodi wa Macalder, ulioko Nyatike, ulitoa shaba na dhahabu mpaka ulipofungwa mwaka wa 1966. Kampuni ilipoondoka, dhahabu haikuondoka. Hadi leo wachimbaji wadogo wadogo huteremka mashimoni kwa kamba, wakavunja mwamba kwa nyundo na tindo, wakapandisha mawe juu kwa magunia. Mawe hupondwa, husagwa katika vinu vya kuzungushwa kwa injini, kisha unga wake huoshwa kwa maji juu ya mbao zilizoinamishwa na kutandikwa zulia ili chembe nzito zinaswe. Kinachosalia hutiwa katika karai pamoja na zebaki, kikafinyangwa kwa mikono mitupu. Zebaki huikumbatia dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni, zebaki ikapaa kwa mvuke na dhahabu ikabaki. Kazi ya kuosha na kufinyanga hufanywa kwa kiasi kikubwa na wanawake, na mara nyingi watoto wao huwa kando yao.

Je, kazi hiyo yote husemwa kwa lugha gani? Nyatike ni nchi ya Wajaluo. Wakuria wanaishi upande wa mashariki, nao wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Wachumia riziki wengine hutoka Kisii, Uluhyani na ng'ambo ya Sirari. Penye mchanganyiko huo, Kiswahili ndicho daraja. Hata Kijaluo chenyewe huiita dhahabu kwa jina hilo hilo la dhahabu, neno lililosafiri kutoka Kiarabu, likapitia Kiswahili hadi likafika ziwani. Nchini Tanzania wachimbaji wadogo wamekwisha kujijengea msamiati wao: shimo la kuchimbia huitwa duara, mashine ya kuponda mawe ni karasha, mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una dhahabu kidogo ni marudio, na kazi nzima ya kutenganisha madini na jiwe ni kuchenjua. Hakuna kamati iliyokaa mezani kuyabuni maneno kama marudio. Yalizaliwa na haja, yakakuzwa na kazi, na yanaeleweka bila maelezo: mchanga huo huitwa marudio kwa kuwa hurudiwa.

Wapo watakaopinga hoja hii. Wa kwanza watasema kwamba istilahi tayari zimo kamusini, na kilichobaki ni kuwafunza watu kuzitumia. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa maana neno mbale ni fupi na ni zuri. Lakini historia ya istilahi imetufunza kwamba neno haliishi kwa kuandikwa tu. Tarakilishi lilibuniwa kwa ustadi na likafunzwa madarasani miaka mingi; hata hivyo, barabarani watu wameendelea kusema kompyuta. Neno lisilopelekwa kwa wenye kazi hubaki kuwa mali ya mtihani.

Wa pili watasema kwamba lugha ya migodini ni lugha ya vijiweni, imejaa maneno ya kuokoteza, na haifai kuingizwa katika Kiswahili sanifu. La hasha! Msamiati wa mabaharia, wa wavuvi na wa mafundi wa majahazi ulitoka vinywani mwa watu ambao hawakuwahi kuketi darasani, na leo ni fahari ya Kiswahili. Iwapo tanga, foromali na demani yalipokewa kwa heshima kutoka pwani, ni kwa sababu gani duara na marudio yasubiri mlangoni kwa kuwa yametoka shimoni? Usanifishaji haumaanishi kuwafukuza wenye lugha. Kazi yake ni kuchagua, kupanga na kueleza yale ambayo wenye lugha wamekwisha kuyaumba.

Hata hivyo, kama jambo lenyewe lingekuwa fahari ya kamusi tu, lingeweza kungoja. Zebaki haingoji. Mvuke wake hauonekani kwa macho, huingia mapafuni na kuudhuru ubongo na neva. Na kwa mtoto aliye tumboni madhara yake ni mazito zaidi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliathirika kwa kula samaki wenye sumu hiyo, ulipitishwa mwaka wa 2013 na ukaanza kutumika mwaka wa 2017. Kenya ilitia saini mwaka huo huo wa 2013. Mkataba huo unataka kukomeshwa kwa vitendo vinne: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa kabla ya kuyachekecha, kulichoma donge la zebaki na dhahabu mahali pa wazi, kulichomea katika makazi ya watu, na kutumia sianidi juu ya mchanga uliotiwa zebaki pasipo kuiondoa kwanza. Msomaji atazame ni maneno mangapi ya kitaalamu yamezungukwa kwa maelezo marefu katika sentensi hiyo moja. Mama anayefinyanga donge hilo Nyatike anahitaji onyo fupi analoweza kulishika na kumpokeza mwenziwe. Onyo halifupiki iwapo vitu vinavyoonywa havina majina yanayotambulika na wote.

Sheria nayo iko katika hali hiyo hiyo. Chini ya sheria ya mwaka wa 1940, mchimbaji mdogo hakuwa na nafasi iliyotambuliwa. Sheria ya Uchimbaji Madini ya mwaka wa 2016 ilimpa nafasi hiyo: inamruhusu kuomba kibali, inaagiza pawepo kamati ya uchimbaji mdogo katika kila kaunti, na inagawa mrabaha kwa asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ni dhahiri shahiri kwamba haki isiyosomeka na mwenye haki ni kama mbale isiyochenjuliwa: mali imo ndani, lakini haiwezi kununua hata kibaba cha unga.

Kazi hii inawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Vyuo vikuu vya Rongo, katika Migori, na Tom Mboya, katika Homa Bay, viko mlangoni pa migodi hiyo. Tasnifu nyingi za istilahi hulinganisha kamusi na kamusi nyingine. Ingefaa baadhi yake zilinganishe kamusi na karai. Mtafiti ateremke Nyatike na daftari, aandike kila chombo, kila aina ya jiwe, kila hatua ya kazi na kila hatari kwa jina linalotamkwa na wachimbaji, yawe ya Kijaluo, ya Kikuria au ya Kiswahili. Alipeleke pia neno mbale akaone kama litapokewa. Kisha arudi, kwa kuwa utafiti ambao haurudi kwa waliouzaa ni uchimbaji wa aina nyingine. Arudi na maonyo yaliyoandikwa kwa maneno yao, yasomwe vinuni na kwenye redio, na tafsiri ya vifungu vya sheria vinavyowahusu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika jambo hili, wa kuuliza ni msomi, na wa kujibu ni mchimbaji.

Kijana wa Homa Bay ataendelea na mchezo wake, wala hakuna ubaya. Akifa humo, atafufuka kabla hajamaliza kusonya. Siku moja huenda akavuka hadi Nyatike kutafuta karo, akakabidhiwa nyundo, tindo na karai la zebaki. Huko hakuna kufufuka. Atakachokuwa nacho ni maneno ya waliomtangulia, nayo yatamfaa tu ikiwa kuna aliyejali kuyakusanya na kuyarudisha.