Namba ya MAC si kitambulisho, wacheni kuadhibu watu nayo

Wasee, leo nina hasira kidogo. Mnivumilie.

Juzi kijana wa mwaka wa kwanza alinitumia meseji. Ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo chake juu namba ya laptopu yake imeonekana kwenye logi ikifanya mambo ya ajabu usiku. Yeye anaapa alikuwa amelala. Swali lake kwangu lilikuwa moja: "Buda, si nikubali tu yaishe?"

Usikubali. Nimemwambia na nawaambia nyote, juu mimi nilinyamaza na kunyamaza kulinigharimu.

Kwanza tuelewane hii namba ni nini. Kila kadi ya mtandao, iwe ya simu, laptopu ama printa, ina anwani ya MAC. Ni herufi na tarakimu 12. Nusu ya kwanza inaonyesha kampuni iliyotengeneza kadi, na IEEE ndio hugawia makampuni hizo nusu. Nusu ya pili kampuni inajipangia. Ukisikia hivyo unadhani ni kama alama ya kidole. Watu wa kamati hufika hapo wakakwama.

Sasa fungua VirtualBox. Ni programu ya bure inayokutengenezea mashine pepe, yaani kompyuta nzima inayoishi ndani ya kompyuta yako. Hiyo mashine haina kadi ya kushika na mkono. Kadi yake ni programu, na namba ya kadi ni maandishi tu. VirtualBox huanzisha zake na 08:00:27, Hyper-V ya Microsoft 00:15:5D, na wale wa KVM huona 52:54:00. Lakini hizo ni za kuanzia. Kwenye mipangilio kuna kisanduku chenye namba, na kando yake kitufe cha kukutolea nyingine. Ama unafuta unaandika yako mwenyewe. Ama ya jirani yako. Hakuna anayekuuliza kitambulisho. Huo hata si udukuzi, ni mipangilio, imewekwa hapo na walioandika programu.

Na waliiweka kwa sababu nzuri. Ukihamisha seva kuukuu iingie ndani ya mashine pepe, kuna programu za kazi zenye leseni iliyofungwa kwa namba ya zamani, kwa hivyo lazima uibebe. Hyper-V ina kabisa alama ya kuruhusu mashine ibadilishe namba yake. Huja ikiwa imezimwa, na ukitaka kuendesha mashine pepe ndani ya mashine pepe nyingine, mara nyingi utalazimika kuiwasha ndiyo mtandao ufanye kazi. Kwa hivyo yule atakayesema "basi wanafunzi wapigwe marufuku hizo programu" akae chini kwanza. Watoto watajifunzia wapi?

Fikiria reflekta ya boda yenye namba mgongoni. Jamaa amevaa reflekta ya mtu mwingine, akapora abiria. Asubuhi mnaenda kwa mwenye namba, mnamtoa kitandani, na mnasema ushahidi ni mgongo. Ukiuliza kama kuna mtu aliona uso, unaambiwa unatetea wezi.

Yangu ilikuwa hivyo. Nilikuwa mwaka wa pili. Hosteli yetu ilikuwa na tundu la waya ukutani kwa kila chumba, na ili upate intaneti ilibidi usajili namba ya laptopu yako kwa ofisi. Namba isiyosajiliwa haipiti. Wakati huo nusu ya darasa letu tulikuwa na VirtualBox na Kali Linux ndani, lekchara mwenyewe ndiye alitufunza kuiweka. Sasa piga hesabu. Mtu anataka kucheza na mashine yake pepe kwenye mtandao wa hosteli. Namba yake ya 08:00:27 imefungiwa. Zinazopita ni zile zilizosajiliwa, na ukiwa kwa mtandao mmoja na watu, namba zao unaziona, ndivyo kompyuta hutafutana. Hiyo sheria yao ndiyo iligeuza namba yangu kuwa ufunguo, halafu ikaniachia nitembee na huo ufunguo shingoni watu wote wakiuona.

Wiki hizo intaneti yangu ilikuwa inakatika kila saa. Nilidhani ni mambo ya hosteli tu. Siku hizi najua. Swichi hukumbuka namba gani iko kwa tundu gani, na ikiona namba moja ikitoka matundu mawili, inachanganyikiwa, pakiti za huyu zinaenda kwa yule.

Barua ikaja. Namba yangu ilijaribu kuingia kwenye mfumo wa matokeo zaidi ya mara mia nne usiku mmoja. Mathe alipanda basi la usiku kutoka Kakamega akakaa nje ya ofisi na mkoba wake mapajani. Kamati ya watu watano, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza MAC ni nini. Mmoja alisema, nakumbuka vizuri, kwamba kompyuta haidanganyi. Nikasimamishwa semista nzima. Sitadanganya kwamba niliacha chuo kwa sababu hiyo peke yake, karo ilikuwa shida tangu mwanzo. Lakini semista ikipotea na karo ishalipwa, nyumbani hakuna anayekopa tena.

Sasa nigeukie upande wetu, juu na sisi tuna makosa.

Kuna maneno yanazunguka kwa video fupi eti "badilisha MAC kwa mashine pepe uwe hewa, hakuna atakuona." Huo ni upuzi. VirtualBox ikiwa kwa hali ya NAT, ambayo ndiyo huja nayo, namba ya mashine pepe haitoki nje ya laptopu yako kabisa. Mtandao unaona namba ya laptopu. Ukiiweka kwa hali ya daraja lakini uko kwa waifai, VirtualBox hubadilisha namba na kuweka ya laptopu kabla pakiti hazijatoka, kwa sababu kadi nyingi za waifai hazikubali vinginevyo. Kwa hivyo msee amefuata video, amejiona hewa, kumbe yuko uchi. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 haichezi: kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni faini hadi milioni 5, ama jela hadi miaka 3, ama zote mbili. Ile siku ukishikwa, mwenye video hatakuja kukulipia.

Na hata ikifaulu, kama ilivyofaulu kwa waya kwetu, haujawa hewa. Umekuwa mimi. Kuna mtu mwenye hiyo namba na ana mathe pia.

Lakini wenye mamlaka ndio nawalaumu zaidi, juu hawana kisingizio. Android tangu toleo la 10, mwaka wa 2019, na iPhone tangu iOS 14, mwaka wa 2020, simu yenyewe hujitungia namba ya MAC ikiingia kwa waifai, bila wewe kuombwa. Google na Apple walifanya hivyo ili watu wasifuatwe kwa hiyo namba. Simu ya mwenyekiti wa kamati inabadilisha namba ikiwa mfukoni mwake, na yeye amekaa hapo anasema haibadiliki.

Na dawa iko. Inaitwa 802.1X. Kila mtu anaingia kwa jina lake na nywila yake, hata kwa tundu la waya, na mtandao unathibitisha mtu, si kadi. Eduroam hutumia hiyo, na KENET ndio huileta vyuo vya Kenya. Nywila inaweza kuibiwa, sawa, lakini angalau haijabandikwa mlangoni kila mpita njia aisome.

Kijana wangu ameitwa Alhamisi. Nimemwambia aombe logi yote, si mstari mmoja uliopigwa rangi. Aulize ni tundu gani la swichi, la chumba gani. Aulize jina la kompyuta lililoandikwa wakati inapewa anwani.

Karatasi yangu bado ninayo, ilikuwa imebanwa nyuma ya barua. Nilikuja kujua kuisoma mwaka mmoja na nusu baadaye. Laptopu yangu ilikuwa ya Windows, jina lake linaanza na DESKTOP. Kwenye karatasi yao, mstari wa usiku ule, namba ni yangu na jina la kompyuta ni "kali", jina ambalo Kali Linux hujipa usipoibadilishia. Ndiyo, hata jina linaweza kutungwa. Lakini lilikuwa hapo, kando tu ya namba waliyonihukumu nayo, na kati ya wale watano hakuna aliyeuliza.