"Log out" si kufunga dirisha

Leo siandiki kuhusu programu mpya. Naandika kuhusu maneno mawili ya Kiingereza: "log out".

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja hapa Kisii mjini. Nikakalia kompyuta ambayo mwalimu mmoja mzee alikuwa ameiacha. Kufungua kivinjari tu, barua pepe yake hiyo hapo: hati ya mshahara, nambari ya kitambulisho, kila kitu. Nikamkimbilia hadi kwenye matatu za Nyamira.

"Mwalimu, hukulogauti."

"Si nilifunga, kijana wangu?"

Kweli alifunga. Alibonyeza ile X ya pembeni.

Simlaumu. Shuleni tulikariri "put on", "put off" na "put out", tukajua kwamba kale kaneno ka mwisho ndiko kanakogeuza maana. Lakini "log" yenyewe hatukuelezwa. Asili yake ni gogo. Mabaharia wa zamani walitupa majini kipande cha mti kilichofungwa kamba ili kupima mwendo wa meli, kisha wakaandika hesabu kitabuni. Kitabu hicho kikaitwa "logbook". Ndipo "log in" ikawa kuandikwa kwamba umeingia, na "log out" kwamba umetoka. (Kitenzi ni maneno mawili, "login" ya pamoja ni nomino.) Hata ujumbe wa kwanza wa ARPANET, tarehe 29 Oktoba 1969, kutoka UCLA kwenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford, ulikusudiwa kuwa neno "login". Mtambo ukakwama baada ya L na O!

Sasa fikiria soja wa geti. Anakuandika kitabuni, anakupa kadi ya mgeni. Seva nayo hufanya hivyo: ukiingiza nenosiri, inaweka kuki kwenye kivinjari chako. Kufunga dirisha ni kwenda zako na kuiacha kadi mezani, ajaye aivae. Kulogauti ni kuirudisha kwa soja ili isifanye kazi tena.

Kwa maoni yangu, sisi waandishi wa programu ndio tunakosea tunapotafsiri kitufe hicho kwa neno moja tu. Kiswahili hakiningʼinizi kaneno mwishoni; kitenzi chenyewe hubeba kazi: funga, fungua, fungia. "Toka" peke yake hapa kwetu ni la kumfukuzia mbwa, na halisemi unatoka wapi. "Funga" ndilo hasa lililomponza mwalimu. "Funga akaunti" ni baya zaidi, mtu ataogopa kwamba akaunti inafutwa.

Mimi nimeanza kuandika "Toka kwenye akaunti". Ni refu, na kwenye simu ndogo linabana. Afadhali kitufe kibanwe kuliko mshahara wa mtu usomwe na mgeni.

Kama wiki hii ulipitia saiba na huna hakika, badilisha nenosiri leo. Na wewe, kitufe hicho ungekiitaje?