Kwa Nini Mgeni wa Uvira Lazima Avushwe Kavimvira?

Imani iliyoota mizizi katika familia nyingi za Uvira ni kwamba mgeni aliyefikia kwa marafiki, hasa akiwa na watoto, hajatembezwa hadi avushwe mpaka wa Kavimvira na kupelekwa Bujumbura, Burundi, kwenye fukwe zenye viti na Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, kwa kuwa upande wa Kongo eti kuna maji na mchanga tu. Imani hiyo ni potofu, na hasara yake haiishii kwenye nauli na foleni ya mpakani.

Delta ya mto Ruzizi (au Rusizi, kama unavyoandikwa Burundi), yaani tambarare ambamo mto hugawanyika kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, inapakana na nchi zote mbili, na kiboko hachagui uraia wa nyasi anazokula. Kinachotofautisha kingo hizo ni uamuzi wa watu: Burundi ilianza kuilinda sehemu yake mwaka 1980, na mwaka 2002 ikaiandikisha chini ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni mapatano ya kimataifa ya kuhifadhi ardhioevu. Anayedai kwamba Uvira haina cha kutazamwa amechukua kibao cha hifadhi akakifanya ndiyo hifadhi yenyewe. Upande huu una hata historia yake: wapelelezi wa Ulaya Burton na Speke, waliofika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858 wakiusaka mto huohuo kwa matumaini kwamba unatoka ziwani kuelekea kaskazini, waliambiwa na wenyeji kwamba unaingia. Hata hivyo Ulaya iliendelea kubishana hadi Livingstone na Stanley walipokuja kujionea mwaka 1871. Wenyeji hawakuhitaji tiketi kulijua hilo.

Ziwa lenyewe, lenye kina cha takriban mita 1,470, linapitwa na Baikal peke yake duniani, na lina spishi zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, ambao karibu wote hawapatikani kwingine; wamo wadogo wanaotaga ndani ya makome matupu ya konokono. Kwenye bandari ya Kalundu, mjini Uvira, asubuhi wavuvi hurejea na katamara, yaani mitumbwi iliyounganishwa kwa miti na kubeba taa za kuvutia ndagala usiku, kisha akina mama huwaanika samaki hao juani, wakiwageuza kwa viganja na kuwafukuza kunguru. Mtoto mgeni kutoka Bukavu anayewajua ndagala wakiwa ndani ya sufuria tu angejifunza hapo, kwa nusu saa, kwa nini samaki hao huadimika mbalamwezi inapokolea, kwani taa hushindwa kuwakusanya maji yote yakiwa na mwanga. Alasiri, milima ya Mitumba iliyo nyuma ya mji hulifunika jua mapema, na ufuko hupata kivuli wakati ng'ambo bado kunawaka.

Wanaopinga matembezi ya ufuko wa Uvira hutaja mamba, kipindupindu na vita. Hofu hizo zina msingi, lakini hutumiwa kwa upendeleo wa ajabu. Mzazi anayemkataza mtoto kwenda ziwani kucheza ndiye humtuma huko na bidoni bomba linapokauka, na ni katika kuchota, kufua na kuoga, wala si katika matembezi, ambapo familia hukutana na ziwa kila siku. Vita navyo, vinapoukaribia mji, haviachi barabara ya Kavimvira wazi kwa watalii. Siku za namna hiyo hakuna matembezi popote.

Lililo baya zaidi ni kwamba ufuko unaodharauliwa hugeuzwa jalala au hugawanywa viwanja. Pale ambapo hakuna familia inayouhesabu kuwa mahali pake pa Jumapili, hakuna anayelalamika ukuta wa nyumba unapofika majini. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za Uvira na za Bujumbura, lilipita juu ya ardhi ambayo ingefaa kuachwa wazi kwa miti, michezo na mitumbwi. Kwa hiyo mwenyeji anayempakia mgeni garini kuelekea Burundi hana budi kumweleza pia ni nani aliyekubali mdomo wa mto Mulongwe ujae takataka, na kwa nini mamlaka za mji hazisumbuliwi na wakazi kwa ajili ya hata kipande kimoja cha mchanga kisichouzwa.