Tamasha la Desemba linawapita watoto wa wageni

KANDO YA ZIWA, na Wasamo Odhiambo

Kila Desemba barabara ya Homa Bay hadi Mbita huwa na safari za namna mbili. Magari yanayoingia huwaleta wana wa kisiwa cha Rusinga kutoka Nairobi, Mombasa na ng'ambo, waliokuja kwa Krismasi na kwa Tamasha la Rusinga. Yanayotoka huwachukua walimu, wauguzi, askari na wenye maduka wanaokwenda kwao Kakamega, Kisii au Garissa. Watu hawa hupishana njiani, kisha kila upande husherehekea kwake.

Watoto wa hao wanaotoka, waliolelewa Mbita mwaka mzima, wanaolijua Ziwa Victoria na upepo wake, wakati huo wako mbali. Makasia yanapopigwa, wao wamo katika boma la nyanya yao.

Tamasha lenyewe linastahili sifa. Kwa zaidi ya miaka kumi limewakusanya Wasuba kwa mbio za mashua, ngoma, mavazi na vyakula vya kisiwani, na limewarudishia fahari watu ambao lugha yao, Olusuba, imemezwa na Dholuo kizazi baada ya kizazi. Desemba ilichaguliwa kwa sababu inayoeleweka: ndio mwezi ambao wenyeji wanaofanya kazi mijini hupata likizo. Lakini matokeo yake ni kwamba sherehe kubwa ya ufuo huu imepangwa kuwafaa walioondoka, nao wanaoishi hapa wakaachwa nje ya kalenda.

Nao si wachache. Tangu Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilipoanza kutekeleza kwa wingi sera ya kuwapeleka walimu mbali na kwao mnamo 2018, familia nyingi zilijikuta katika shule za ugenini kote nchini. Sera hiyo ililegezwa baadaye, lakini si kila aliyehamishwa alirudi. Mbita pia ina kituo cha utafiti cha icipe, taasisi aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Hapo ndipo mtaalamu wa wadudu kutoka India, Zeyaur Khan, alipofanyia kazi na wenzake ile mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi ili kuwafukuza viwavi na kulizuia gugu la kayongo. Watafiti wa mataifa mengi wameishi kando ya ziwa hili, na Wajapani wa Chuo Kikuu cha Nagasaki nao wameendesha utafiti wa afya huko huko. Huko Migori, kuanzia Isebania mpakani hadi Awendo kwenye kiwanda cha sukari, mji gani usio na Wakuria, Waluhya, Wakisii na Wasomali wanaoishi kama majirani?

Wanaodai kwamba wageni hawa hawahusiki na mila za hapa wanasahau historia yao wenyewe. Abakunta wa kisiwa cha Mfangano husimulia kwamba mababu zao walitoka Buganda kwa mitumbwi, wakikimbia baada ya kuuawa kwa Kabaka Junju mwishoni mwa karne ya 18. Wasuna, ambao mji wa Migori umekua juu ya ardhi yao, ni wa ukoo huo mpana wa Wasuba, ingawa leo huzungumza Dholuo. Mwanahistoria Henry Okello Ayot, katika kitabu chake cha 1979, aliwaita watu hawa Waluo-Abasuba, na jina hilo linabeba safari yote: walifika wakiwa wageni, wakaoa kwa Wajaluo, na watoto wakakua na lugha ya mama zao. Shule na makanisa yakaimaliza kazi. Mgeni aligeuka mwenyeji kupitia mtoto. Gharama yake ikawa Olusuba, na hiyo ndiyo hasara ambayo tamasha linajaribu kuiziba.

Mwanasiasa Tom Mboya naye alikuwa mtoto wa mgeni. Alizaliwa Agosti 15, 1930, si Rusinga bali Kilima Mbogo karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge. Alianza kusoma Ukambani na akakua akizisikia lugha za majirani. Mwaka 1957 wapiga kura wa Nairobi, mji wa kila kabila, walimpeleka katika Baraza la Kutunga Sheria. Alipouawa Julai 5, 1969, Rusinga ilimpokea na kumzika, na hadi leo kaburi lake hutembelewa. Kisiwa kinachojivunia mwana aliyelelewa ugenini kina kila sababu ya kumtazama kwa jicho jema mtoto wa mwalimu kutoka Kakamega.

Valencia, Uhispania, ina somo hapa. Sherehe yake ya Fallas, iliyoingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016, hufikia kilele kati ya Machi 15 na 19, shughuli za mji zikiwa zimepamba moto. Kila mtaa una kamati yake yenye ukumbi, na familia huingia kwa kulipa ada. Mwaka mzima wanachama hula pamoja, huchanga na kujenga sanamu kubwa ambazo huteketezwa usiku wa mwisho. Watoto wana sanamu yao, ndogo kuliko ya wakubwa lakini yenye hadhi kamili, na kila mwaka umma hupiga kura kuviokoa vinyago vichache visichomwe. Familia iliyohamia juzi haihitaji babu aliyezikwa pale. Ikijiunga na kamati, hupewa kazi, na kazi ndiyo inayowajulisha majirani.

Jambo la kuazima hapo ni mpango, kwa kuwa moto na sanamu ni vya Valencia. Tukifika kwetu, chombo cha kuanzia tayari kipo. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na hatua zake za mwanzo huangukia muhula wa pili, watoto wote wakiwa shuleni. Humo mtoto wa Kikisii hufunzwa ngoma ya Kijaluo, akavaa, akaimba, na hakuna anayemuuliza ukoo. Kama waandaaji wa Rusinga wangetenga siku moja tu ya Juni au Julai kwa ajili ya shule za Mbita, Rusinga na Mfangano, wakaweka mashindano ya mashua ya vijana, hadithi za Olusuba na mapishi ya samaki chini ya uangalizi wa wazee, watoto wote wa ufuo wangekuwepo. Desemba ingebaki ya wanaorudi nyumbani.

Wapo wazee wanaohofia kwamba mlango ukifunguliwa, mila itachujuka. Hofu yao ina msingi, maana wameshuhudia lugha nzima ikififia. Hata hivyo, Olusuba leo inahitaji midomo. Redio ya EK-FM ya Mfangano huitangaza hewani, na jumba la makumbusho la Abasuba kisiwani humo linahifadhi kumbukumbu zake pamoja na michoro ya kale ya mapangoni. Mtoto wa muuguzi kutoka Garissa akijifunza kuhesabu na kusalimia kwa Olusuba, lugha imepata msemaji wa ziada bila kumpoteza hata mmoja. Tena eneo hili limekwisha kupokea sherehe zilizotoka mbali: Kendu Bay ina Wajaluo Waislamu wa vizazi kadhaa, na hakuna mtu mzima huko atakayeiita Idd sikukuu ya wageni.

Serikali ya kitaifa isitegemewe sana katika hili. Oktoba 10 ilifanywa Siku ya Utamaduni mwaka 2020, na kufikia 2024 tarehe hiyo hiyo ikawa Siku ya Mazingira. Mazingira yanastahili siku yake, ila utamaduni ulipoteza yake bila mjadala wa kutosha.

Jukumu liko kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti shughuli za kitamaduni na burudani za umma. Homa Bay ina tamasha linaloweza kuongezewa siku. Migori nayo ingeweza kuwapa Wasuna siku yao ya muhula wa pili mjini, Wakuria, Wasomali na Waluhya wa mji huo wakiwa ndani ya kamati za mitaa tangu mkutano wa kwanza, badala ya kualikwa kuja kutazama. Gharama si kubwa: uwanja, usafiri wa shule, vyakula, na posho ya wazee watakaofundisha. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Mwaliko huo hauulizi mtu amezaliwa wapi. Mwalimu wa Kakamega, mwenye duka wa Garissa na mzee wa Wasuna waende pamoja, wakaiombe siku hiyo kwa maandishi, na ombi liwe na jina la shule, mwezi na kiasi cha fedha kinachohitajika.