Ufa wa Subukia wahitaji msikilizaji

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Subukia, ulioko ng'ambo ya milima ya Nyandarua, hauzibiki. Hata hivyo waweza kusikilizwa, na sisi wakazi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki hatuna budi kudai usikilizwe.

Mnamo Januari 6, 1928, ufa huo ulizua tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9, kuu kuliko yote yaliyopimwa nchini Kenya. Ardhi ilipasuka kwa zaidi ya kilomita 30. Madhara hayakuwa makubwa kwa kuwa majumba yalikuwa machache. Leo miji yetu imejaa maghorofa.

Kati ya tetemeko kuu na jingine vizazi hupita. Vitetemeko vidogo, ambavyo binadamu havihisi, havikawii hivyo: kila ukubwa ukipungua kwa 1, idadi yake huongezeka takriban mara kumi. Anayevihesabu kwa miaka michache hutambua ufa umepita wapi, umezama kina gani na ni sehemu ipi ingali hai. Kizuizi ni kelele. Malori, upepo, hata kwato za ng'ombe huifunika sauti hiyo dhaifu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980, kule Parkfield, California, wataalamu wameshusha vyombo vya kupima mitetemo ndani ya visima virefu kando ya ufa wa San Andreas.

Wapo watakaopinga kwamba vyombo hivyo havitabiri siku ya tetemeko. Ni kweli. Parkfield yenyewe ilitarajiwa kutikisika kabla ya 1993. Ikatikisika Septemba 28, 2004. Lakini mhandisi haombi tarehe. Aomba kujua ardhi yaweza kutikisika kiasi gani, ndipo aimarishe nguzo.

Ujuzi tunao. Huko Olkaria vitetemeko husikilizwa kwa ajili ya mvuke wa ardhini, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapa Nyeri, hufundisha taaluma ya mvuke huo. Kaunti za Nakuru, Laikipia na Nyeri zichange fedha, visima vichimbwe, na takwimu zake zifikishwe shuleni.

Walimu wenzangu, Bonde la Ufa tunalolichora ubaoni si hadithi ya kale. Lingali linapanuka. Mwanafunzi anastahili kulisikia likifanya hivyo.